Matangazo Matatu ya Mzee Pankrasi

Pale Mfaranyaki, mjini Songea, ukiuliza duka la Mzee Pankrasi Luambano, watu watakutazama kidogo, kisha mmoja atasema, "Ah, unamtaka Saa Nne." Jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Mteja akija kuulizia kitu ambacho hakipo, iwe misumari ya bati au betri za redio, Pankrasi hakusema hata siku moja kwamba hakipo. Alisema, "Njoo kesho saa nne." Kesho yake saa nne yeye alikuwa amekwenda kuoga. Kuna watu wamezaliwa, wamekua na wameoa wakiisubiri saa nne ya Mzee Pankrasi, na bado wanarudi, kwa sababu sukari yake haina mchanga na mdomo wake una raha.

Alikuwa na miaka sabini na sita, wajukuu kumi na tisa, meno tisa, na koti moja la kijivu alilolivaa dukani hata mwezi wa kumi, jua likichoma bati. Na alikuwa mwongo. Tuliseme mapema tusizungushane. Hakuwa mwongo wa kudhulumu watu. Alidanganya kwa sababu ukweli, alivyouona yeye, kila mara ulikuwa umepungua chumvi kidogo.

Alizaliwa upande wa Hanga, karibu na monasteri, na ujana wake wa kwanza ulipita katika karakana ya mabruda akijifunza useremala. Ukimsikiliza yeye, nusu ya viti vya Songea vilitoka mikononi mwake. Kusema kweli alitengeneza kiti kimoja, bruda mnene akakikalia, na jioni ile ile Pankrasi akashauriwa kwa upole atafute wito mwingine. Akaja Songea mjini na gunia la chumvi. Akauza chumvi, akaongeza dagaa wa Nyasa, akaongeza sabuni na mafuta ya taa, na kufikia mwaka sabini na tatu alikuwa amepanga chumba chenye dirisha linalotazama barabara. Dirisha hilo akaliita duka, na duka likawa duka.

Mwaka themanini na tatu, serikali ilipoanza kuwaandama walioficha bidhaa, Pankrasi alikuwa na katoni kumi na moja za sabuni ambazo hakutaka zionekane. Akachimba shimo nyuma ya nyumba, akazifukia, akatengeneza tuta zuri na kuchomeka msalaba wenye jina la Sipriani, mjomba wake, ambaye hakuwahi kuwepo duniani. Tatizo ni kwamba majirani walikuwa watu wema. Wakaja kumpa pole. Wakaleta unga, wakaleta kuni, akina mama wakalala msibani siku tatu, na Pankrasi akalia vizuri sana, akimsifu mjomba mpaka yeye mwenyewe akaanza kumkumbuka. Siku ya nne mvua ikanyesha, na marehemu akaanza kutoa povu. Aliyeliona kwanza ni Muhsini, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, Myao wa Tunduru asiyecheka ovyo. Alisimama mbele ya kaburi na mwavuli wake, akasema kwamba mjomba inaonekana alikuwa mtu msafi, kisha akaenda kuleta turubai walifunike kabla mwingine hajapita. Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Mkewe, Lidwina, aliwapikia waombolezaji siku zote tatu bila kusema neno. Msiba ulipokwisha alichukua miche miwili ya sabuni ya marehemu, akafua mashuka. Ndivyo alivyokuwa Lidwina. Hakudanganya, ila hakuwa na tabia ya kusimama barabarani kuwasahihisha wanaodanganya.

Lakini habari ya sabuni ni kichekesho tu. Uongo mkubwa wa Pankrasi ulikuwa mwingine, na aliubeba miaka hamsini bila mgongo kumuuma.

Watoto wake sita walikua wakijua kwamba baba na mama walifunga ndoa kanisani mwezi wa pili mwaka 1973, kijijini kwa mama, upande wa Namtumbo. Pankrasi aliisimulia ndoa hiyo kwa ufundi mkubwa. Kwaya iliimba mpaka padre akasahau kuhubiri. Ng'ombe wawili walichinjwa. Shangazi mmoja alicheza hadi kisigino kikateguka, akaendelea kucheza na cha pili. Ilikuwa ndoa nzuri mno, na kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba haikufungwa.

Mambo yalikwenda hivi. Ndoa ya Kikatoliki hutangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Pankrasi na Lidwina walitangazwa Jumapili ya kwanza. Jumatatu yake Pankrasi akasikia kuna lori linakwenda Mtwara na linarudi na chumvi, akapiga hesabu kwamba atarudi kabla ya Jumapili. Lori likazama kwenye tope mbele ya Tunduru, likakaa siku ishirini na sita. Kule kijijini padre alikasirika, akayafuta matangazo yaliyobaki, na pombe ya arusi ikanywewa na watu waliokuja kumtukana bwana arusi. Pankrasi aliporudi Kwaresima ilikuwa imeanza, na Kwaresima hakuna ndoa. Lidwina, ambaye tumbo lilikuwa tayari limeanza kusema, alifunga sanduku lake, akaja mjini peke yake na kumkuta dukani anapima chumvi. Pankrasi akamwambia wafunge baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka akasema baada ya mavuno. Baada ya mavuno mtoto akazaliwa, na hapo akasema wacha kwanza mtoto akue. Kwa majirani wa mjini, ambao hawakujua lolote, alikwisha kusema kwamba ndoa ilifungwa, na aliposema mara ya tatu kisigino cha shangazi kikaingia humo, na mambo yakawa yamekwisha.

Yangekwisha kweli, kama si Aurelia.

Aurelia ndiye mtoto wa kwanza. Ni mwalimu mkuu, na hata nyumbani kwa baba yake huongea kama watu wamepanga mstari. Miezi minne kabla ya ile tarehe kutimiza miaka hamsini, alitangaza kwamba wazazi watafanyiwa jubilei ya ndoa, misa na ukumbi. Akaunda kamati. Akaanzisha kundi la WhatsApp, akachagua kitenge cha sare, akamtafuta mshereheshaji. Na Pankrasi, badala ya kuogopa, alifurahi. Mtu akisema uongo miaka hamsini, kuna siku nao humdanganya yeye. Alianza kufanya mazoezi ya hotuba dukani mbele ya magunia ya mchele, na kwenye hotuba ng'ombe walikuwa wamefika watatu.

Kisha Jumapili moja, wakati wa chakula cha mchana, Aurelia akasema kwamba paroko anataka kuona cheti cha ndoa.

Pankrasi alimeza tonge bila kutafuna. Akasema cheti kililiwa na mchwa zamani, pamoja na kadi yake ya chama. Aurelia akasema hakuna shida, Baba, kitabu cha ndoa kiko parokiani kule kwa Mama, na Aidan, kitinda mimba, anakuja Krismasi na gari. Watakwenda wote wawili wakafungue kitabu ukurasa wa mwaka sabini na tatu wapige picha. Pankrasi akamtazama mkewe. Lidwina alikuwa anachovya ugali kwenye mchuzi kama mtu ambaye habari hiyo haimhusu.

Kesho yake asubuhi, saa nne, ambayo kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliitumia kufanya kitu, Pankrasi alimfuata katekista. Katekista wa hapo anaitwa Beda, kijana wa miaka arobaini mwenye funguo nyingi kiunoni. Alimwamkia shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho, na kwa heshima alicheka kwa ndani tu, mabega yakitikisika. Kisha akampa habari njema. Wazee wa namna hiyo wapo wengi, alisema, kuliko Mzee anavyodhani. Paroko ana ruhusa ya kuyasamehe matangazo, ndoa ikafungwa bila kutangazwa. Wanakwenda siku ya kazi, baada ya misa ya alfajiri, kwenye sakristia, kile chumba anachovalia padre, mashahidi wawili, dakika kumi na tano, wanatia sahihi, wanarudi nyumbani kunywa chai. Kuhusu jubilei, wamwachie paroko aongee na Aurelia kwamba ibada ya shukrani inatosha na habari za vyeti ziachwe. Hakuna mtu atakayejua.

Pankrasi alirudi anakaribia kuruka. Alimkuta Lidwina barazani nyuma ya nyumba na ungo wa maharage mapajani, akamweleza yote kwa pumzi moja, akamalizia kwamba Jumatano inafaa.

"Sitaki," Lidwina alisema.

Pankrasi alidhani mkewe hakusikia vizuri, akaanza upya kwa sauti kubwa zaidi.

"Nimekusikia, Baba Aurelia. Sitaki ndoa ya kujificha. Mimi nilitangazwa mara moja, watu wote wakageuka kunitazama, nikaona haya, nikafurahi. Yakabaki matangazo mawili. Nayataka."

"Hilo la kwanza lilikwisha muda wake. Itabidi waanze upya."

"Basi waanze. Matatu."

"Watoto watajua."

"Watajua nini?"

"Kwamba hatukufunga ndoa."

"Kwani tulifunga?" Akatoa jiwe kwenye maharage, akalirusha uani. "Wewe unajua watu wanasema nini, mimi ninapobaki kwenye benchi?"

Pankrasi akasema hajui. Huo nao ulikuwa uongo, tena wa kizembe, na wote wawili walijua.

Hapa ni lazima msomaji aelezwe vizuri. Mkatoliki anayeishi na mwenzake bila ndoa ya kanisa hapokei komunyo. Lidwina alilielewa hivyo na akalishika hivyo. Miaka hamsini alikwenda misa kila Jumapili, na kila ilipofika saa ya komunyo alibaki amekaa, mikono juu ya kanga. Pankrasi alikwenda. Alikwenda na koti lake la kijivu, mara nyingi wa kwanza kwenye safu, akarudi amefumba macho kama mtakatifu wa kwenye kalenda. Angewezaje kubaki, wakati mji mzima unajua kwamba ana ndoa? Kuungama aliungama pia, dhambi ndogondogo, zile za kujaza muda.

Sasa watu si wajinga. Waliona mume anapokea na mke hapokei, wote wa ndoa moja. Wakauliza wenyewe, wakajijibu wenyewe. Wengine walisema Lidwina ana mtoto wa nje. Wengine walisema alimlaani mama yake. Mwaka fulani mama mmoja wa jumuiya ya kanisa aliegemea kaunta ya Pankrasi na kumnong'oneza mwenzake, si kwa sauti ndogo sana, kwamba mwanamke yule alikula kiapo kwa mganga upande wa mpakani, ndiyo maana hawezi kuisogelea altare. Pankrasi alisikia kila neno. Aliendelea kupima sukari.

Siku tatu hawakusemeshana zaidi ya chumvi iko wapi. Pankrasi akajaribu hila zake. Alimnunulia viatu. Lidwina akavivaa, akasema vinamtosha, akabaki pale pale. Akamwambia atakufa kwa presha kabla ya Jumapili ya tatu. Lidwina akasema akifa itabidi watangaze kifo, kwa hiyo kutangazwa kupo tu. Hatimaye akavuka barabara kwenda kwa Muhsini, akakaa kwenye benchi la wateja na kumwaga kila kitu, kwa sababu mtu aliyelifunikia kaburi lako turubai huna la kumficha.

Muhsini alisimamisha cherehani. Alisema kwanza kwamba katika dini yake shughuli hiyo ingemalizwa kabla chai haijapoa. Pankrasi akacheka. Muhsini hakucheka.

"Mimi si wa kanisani kwenu," alisema. "Lakini nashona sare za kwaya zenu, na wanaokuja kupimwa wana midomo. Miaka yote nilijua mkeo ana jambo zito alilolifanya. Namheshimu, nikasema Mwenyezi Mungu anajua, nikanyamaza. Kumbe jambo lenyewe ni wewe."

Cherehani ikaanza tena. Pankrasi alibaki amekaa. Aliona aibu, na haikuwa ile ya kuumbuliwa, maana hiyo aliizoea na alijua jinsi ya kuigeuza ikawa kichekesho. Hii haikugeuka upande wowote. Alijaribu kutafuta la kuchekesha juu yake, akatafuta tena, akainuka na kwenda nyumbani mikono mitupu. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba ile arusi nzuri aliyoisimulia kwa watu ililipiwa na mtu mmoja, kila Jumapili, mbele ya kila mtu, na yeye alipita kando ya goti lake akienda mbele.

Alikwenda kwa paroko, akaungama ya kweli. Yalichukua muda mrefu. Katikati paroko alitoka kunywa maji. Paroko alimwambia ndoa itafungwa, matangazo yatasomwa kama Mama anavyotaka, na mpaka siku ya ndoa yenyewe yeye naye hatapokea komunyo. Pankrasi akauliza kama anaweza, katika Jumapili hizo tatu, kusali parokia nyingine, hata ya mbali. Paroko akasema hapana. Akauliza kama anaweza kuugua. Paroko akamwambia aende na amani.

Watoto hakuwaambia. Alipanga kuwaambia Alhamisi, akapanga Ijumaa, na Jumamosi jioni alimpigia Aurelia simu, akaongea naye nusu saa nzima juu ya bei ya mchele. Tabia haitoki kwa siku moja.

Jumapili kanisa lilijaa. Aurelia alikaa benchi la tatu na wajumbe watano wa kamati, amekuja na kipande cha kile kitenge ili wanakwaya wakione. Pankrasi na Lidwina walikaa mahali pao pa siku zote, upande wa kulia, karibu na njia. Lidwina alikuwa amevaa viatu vipya. Baada ya mahubiri Beda akasimama na karatasi yake. Akasoma zamu ya kufagia kanisa. Akasoma habari za semina ya vijana. Akakohoa.

"Matangazo ya ndoa. Tangazo la kwanza. Pankrasi Luambano, mfanyabiashara, wa Mfaranyaki, anatarajia kufunga ndoa na Lidwina Mbawala, mkulima, wa Mfaranyaki. Mwenye kujua kizuizi chochote aende kwa paroko."

Kwanza watu walidhani ni mjukuu aliyerithi jina. Kisha wakapiga hesabu, na ukatokea mgurumo mdogo, kama wa gunia la mahindi linalomwagwa kwenye sakafu, kanisa zima likigeuza shingo. Mzee mmoja nyuma alisikika akisema, "Saa nne imefika," na kicheko kikatambaa benchi kwa benchi mpaka kwa wanakwaya. Aurelia alikuwa amegeuka mzima mzima. Alimtazama baba yake jinsi anavyowatazama wanafunzi waliochoma bweni. Kisha akamtazama mama yake, na akamtazama kwa muda mrefu, na usoni mwake ule ukali wa mwalimu mkuu ukaondoka pole pole. Nadhani ndipo alipofanya hesabu ambayo sisi tumekwisha kuifanya, ya Jumapili za miaka hamsini, na zile ambazo yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alimuuliza mama yake kwa nini haendi mbele. Akakikunja kile kipande cha kitenge na kukiweka mapajani.

Lidwina alikuwa ametazama mbele. Alikuwa anaona haya, kweli kabisa, na umri ule, na hakujaribu kuificha furaha yake.

Komunyo ikaja. Watu wakaanza kuinuka, safu baada ya safu. Miguu ya Pankrasi iliinuka yenyewe kwa mazoea. Akaizuia kwa kushika ukingo wa benchi. Akakaa. Watu wakapita mbele ya magoti yake, kila mmoja akimtupia jicho, wengine la huruma, wengi la kuchungulia. Yule mama wa jumuiya, aliyekuwa ameegemea kaunta mwaka ule, alimpita yeye, akafika kwa Lidwina, akashindwa pa kuweka macho. Safu ilikuwa ndefu. Pankrasi hakuwahi kujua kwamba komunyo ni ndefu kiasi kile. Nyimbo tatu zilipita, na huna la kufanya na mikono yako, na kila anayerudi anarudi akikutazama. Dakika kumi. Akajaribu kuzizidisha kwa Jumapili zote zile, akaacha.

Akamwinamia mkewe. "Mama Aurelia," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka yote hii, ulikuwa unatazama nini?"

Lidwina hakugeuka.

"Mgongo wako," alisema. "Vuta miguu, watu wapite."

Pankrasi akavuta miguu.